Kila Jina na Mshitakiwa Wake

Mrundi wa Mutaho asiyejua Kiswahili akisikia neno wazimu atadhani wanazungumziwa marehemu, na hatakuwa amepotea sana. Kwa Kirundi, umuzimu ni roho ya aliyekufa, jamaa aliyezikwa lakini bado ana hesabu na walio hai. Mzimu wetu ni huyo huyo, mzizi mmoja wa Kibantu. Kiswahili kilisogea hatua moja mbele: kiliwachukua hao wafu, kikawafanya jina la maradhi yenyewe. Aliyetamka kwa mara ya kwanza "fulani ana wazimu" hakuwa akieleza dalili. Alikuwa akimtaja mhusika. Siku hizi tunasema "wazimu wake umezidi", kwa upatanisho wa umoja, kana kwamba tunazungumzia uchovu au ulevi. Wafu wamemezwa na sarufi, na mwendawazimu anapita barabarani bila mtu kukumbuka kwamba jina lake linadokeza kuwa hatembei peke yake.

Mutaho iko kaskazini mwa Gitega, Burundi, nchi ya vilima, migomba na kahawa. Nyumbani ni Kirundi. Karatasi za hospitali ni Kifaransa. Kiswahili huingia kwa njia nyingine: kwa wafanyabiashara wanaotoka Muyinga, ambako barabara inashuka hadi mpaka wa Kobero na kuvuka kwenda Ngara, kwa madereva, kwa Waislamu, na zaidi ya wote kwa watu waliokulia ukimbizini Lukole, Katumba, Mishamo au Nyarugusu, wakarudi kwao na Kiswahili cha Tanzania kinywani. Kwa hiyo maradhi ya akili yakiingia nyumba moja, yanaweza kupokewa kwa lugha tatu kabla jua halijazama, na kila lugha ina mtu wake wa kumlaumu.

Tuseme ni kijana wa miaka 20. Hapati usingizi, anajibizana na sauti wasizozisikia wengine, ameanza kuamini kwamba majirani wanasoma mawazo yake. Mama yake anasema yarasaze, ameingiwa na wazimu. Mjomba wake aliyerudi kutoka Tanzania anasema amepagawa. Mchungaji anasema pepo. Muuguzi anaandika psychose kwenye daftari la mgonjwa kwa kalamu ya wino, neno ambalo hakuna mwanafamilia atakayelisoma. Na mazungumzo yenyewe yanaweza kukwama kwenye neno ambalo hata si jina la ugonjwa.

"Mama, mlishampeleka kwa mganga?" anauliza mgeni aliyezoea Kiswahili cha pwani.

"Si ndiyo hapa kwa muganga, mwanangu?"

Kwa Kirundi umuganga ni daktari wa hospitali. Mpiga ramli ni umupfumu. Pwani, mganga asipoongezewa kitu ni wa kienyeji, ingawa serikali ya Tanzania bado ina Mganga Mkuu wa kila mkoa, naye ni daktari aliyesomea chuo kikuu. Swali la mgeni lilikuwa la hirizi; jibu la mama lilikuwa la sindano.

Neno la mjomba linastahili kutazamwa kwa karibu. Kupagawa kunatokana na kupagaa, kubeba begani. Ndiko anakotoka mpagazi, yule wa misafara ya zamani ya Tabora na Ujiji. Aliyepagawa basi amegeuzwa mpagazi wa kitu kisicho chake: pepo limempanda, naye analibeba. Ni maelezo mazuri kuliko mengi niliyoyasoma kwenye vitabu vya utabibu, kwa sababu yanaacha nafasi ya kuutua mzigo. Vijana wa leo wanapagawa na muziki, na sioni ubaya. Neno lililochoka hupumzika kwenye mzaha.

Kiarabu nacho kilifika na mshitakiwa wake. Majununi ni mtu aliyeingiwa na jini; jini limo ndani ya neno, wazi kabisa kwa anayejua Kiarabu. Ukiweka wazimu na majununi pamoja unapata jambo la kushangaza kidogo: watu wa Maziwa Makuu na watu wa jangwani, bila kushauriana, walifikia uamuzi mmoja, kwamba akili haiharibiki yenyewe, lazima kuna aliyeingia. Tofauti iko kwenye mtuhumiwa tu. Mmoja alimshuku babu yake, mwingine kiumbe wa moto asiye wa ukoo. Na hukumu hubeba tiba ndani yake. Mzimu unatambikiwa kwa sababu ni ndugu. Jini linasomewa au linapungwa kwa sababu ni mgeni.

Neno lililoniongezea heshima kwa wahenga wa Kiislamu ni wasiwasi. Asili yake ni mnong'ono wa Shetani moyoni. Leo wizara na mashirika hulitumia kwa hofu ya jumla, ile inayomfanya mtu moyo umdunde bila sababu; Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani waliishi na matatizo ya aina hiyo. Matumizi hayo yanaeleweka. Lakini muulize mzee yeyote wa msikitini juu ya mtu mwenye wasiwasi wa udhu. Atakueleza habari za anayeosha mkono, akatilia shaka, akauosha tena, akasimama kuswali, akahofia kwamba takbira haikutimia, akarudi bombani, mpaka wenzake wamemaliza swala na yeye bado analowesha viwiko. Hiyo si hofu ya jumla. Huo ndio ugonjwa ambao madaktari huueleza kuwa ni wa mawazo yanayojirudia na vitendo visivyozuilika, na lugha yetu ilikuwa nao, umetajwa barabara, tangu zamani. Sasa tunalitoa neno mahali pake, tunalipeleka kwa jirani, kisha tunakaa vikao kutafuta istilahi mpya ya chumba tulichokiacha wazi. Ningekuwa na kura, wasiwasi ungerudi kwake, na hofu ikaitwa hofu.

Yapo majina yasiyomshitaki mtu. Kichaa, kwa mfano, hutaja mwenendo tu, ndiyo maana tunaweza kusema kichaa cha mbwa bila kumdhania mbwa kwamba ana mizimu. Kifafa nacho kinatokana na kufa, kifo kidogo, kwa vile mgonjwa huanguka kama aliyekata roho, kisha hurudi. Jina hilo limeshika sura ya tukio na kuacha sababu wazi, na faida yake ilionekana baadaye: mjamzito aliyepandwa na shinikizo la damu akaanza kupata degedege aliitwa mwenye kifafa cha mimba, na hakuna aliyelazimika kubomoa neno la zamani ili kuingiza elimu mpya. Kifafa, kwa kweli, ni maradhi ya ubongo na umeme wake, si ya nafsi. Ila katika eneo letu wagonjwa wake wengi hutibiwa kwenye hospitali za akili, ikiwamo ile ya Kamenge mjini Bujumbura inayoendeshwa na Mabruda wa Charity, na mtu akiisikia safari ya Kamenge hupandisha nyusi bila kuuliza ni ya nini. Jina la mahali limekuwa utambuzi wa ugonjwa. Tanzania wana Mirembe ya Dodoma, Kenya wana Mathari, Zanzibar wana Kidongo Chekundu.

Wataalamu wa Ulaya walipitia matatizo yale yale, ila kwa Kilatini na Kigiriki. Mwishoni mwa karne ya 19 Emil Kraepelin, Mjerumani, aliyaita maradhi ya kijana wetu kwa jina lenye maana ya akili kuchakaa mapema. Jina hilo lilikuwa utabiri, na utabiri wenyewe ulikuwa na walakini, kwa sababu wengine walianza wakiwa watu wazima na wengine walipata nafuu. Mwaka 1908 Eugen Bleuler wa Uswisi akaleta skizofrenia: akili iliyopasuka. Lilipendwa, likaenea, na hadi leo linawadanganya watu wadhani mgonjwa ana nafsi mbili, jambo ambalo halimo katika ugonjwa huo. Japani waliona mbali. Jina lao la zamani lilitafsiri huo mpasuko neno kwa neno, na familia za wagonjwa zikalalamika kwamba linamtangaza mtu kuwa amevunjika. Mwaka 2002 wakalibadilisha, wakachagua jina la kupungukiwa na uwezo wa kuunganisha mambo. Walikaa wakabadili neno moja ili daktari aweze kulitamka mbele ya mgonjwa.

Na sababu zake? Hapa sayansi ni ya kiasi, tofauti na wazimu na majununi. Skizofrenia humpata takriban mtu 1 kati ya 300. Urithi una sehemu kubwa: pacha wa kufanana mmoja akiugua, uwezekano wa mwenziwe kuugua hukaribia nusu. Angalia hilo neno nusu. Lingekuwa la damu peke yake, lingekuwa hakika. Kwa hiyo kuna mengine: matatizo wakati wa mimba na kuzaliwa, bangi nyingi katika umri ambao ubongo bado unakua, dhiki na manyanyaso ya utotoni, kuhamahama na kuishi bila kwenu. Hakuna kati ya haya linalotosha peke yake. Mshitakiwa si mmoja, na wengine kati yao hawana sura. Ndiyo maana neno skizofrenia, pamoja na ugeni wake na ubaya wake masikioni, ningeliacha kama lilivyo katika Kiswahili. Halijui lolote kuhusu babu wa mtu.

Uraibu niupite haraka. Pwani neno hili lilikuwa la tambuu na tumbaku ya kutafuna, mazoea ya wazee barazani. Limepanda cheo hadi kubeba heroini na pombe, na limebeba vizuri, maana halimtukani mtu kama mlevi linavyomtukana. Ule ugonjwa wa kupanda na kushuka, majuma ya furaha isiyozimika yakifuatwa na miezi ya giza, haujapata jina la mtaani; baipola inatosha mpaka hapo watu watakapojitungia lao.

Huzuni iliyozidi, yaani sonona, ndiyo yenye kesi ndefu. J. C. Carothers, aliyekuwa daktari wa Mathari kuanzia 1938 hadi 1950, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, na ndani yake alishikilia kwamba Mwafrika ni nadra kupata sonona. Lakini huenda wenye sonona hawakuletwa hospitali. Wanaoletwa na polisi ni wanaovunja madirisha. Anayelala akitazama ukuta habebwi na mtu. Miaka mingi baadaye John Orley na John Wing walikwenda kuuliza vijijini Uganda, wakachapisha matokeo mwaka 1979: huzuni ya kiwango cha ugonjwa ilikuwa kubwa kuliko waliyoipima London. Iliyobadilika ni namna ya kuuliza, na mlango uliobishwa.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2013, uliuliza watu wa Burundi, wa Yei huko Sudan Kusini na wa Butembo huko Kongo wanayaitaje maradhi haya wenyewe. Wanande wa Butembo walisema kichwa kimechoka. Wakakwa wa Yei walisema mawazo mengi. Warundi walikuwa na akabonge, huzuni inayomkunja mtu ndani kwa ndani na kumtenga na wenzake. Na karibu kila mahali watu walikubaliana juu ya jambo moja: aliyerukwa na akili apelekwe kutibiwa, lakini huyu wa kichwa kilichochoka hahitaji dawa, anahitaji watu. Daktari anaweza kuona hapo ujinga wa kuelimishwa. Mimi naona nusu ya tiba, maana upweke na msiba na ufukara ni visababishi vilevile vinavyoandikwa vitabuni, sambamba na urithi na mabadiliko ya mwili baada ya kujifungua. Nusu nyingine ni kwamba kuna akabonge isiyoondoka hata wajomba wote wakija, na mwenye hiyo anahitaji vidonge. Neno la kienyeji halitenganishi hao wawili. La kitaalamu nalo halitenganishi vizuri kama linavyojidai.

Kwa Kiswahili, sonona ni chaguo zuri, na nashangaa linavyochelewa kuenea nje ya Tanzania. Kusonona ni kuumwa ndani, maumivu yasiyopiga kelele. Limefanywa nomino bila kubadilishwa hata herufi. Halimshitaki mtu. Msongo wa mawazo, linalotumika kila mahali, linashitaki maisha: mtu amesongwa, kuna kitu kinamsonga. Hilo ni sahihi kwa aliyefukuzwa kazi, si sahihi kwa mama mwenye nyumba, mume na afya ambaye haoni sababu ya kuamka, na ambaye kwa neno hilo ataulizwa na kila jirani, "Lakini wewe una shida gani?" Wazimbabwe wanasema kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, na neno lao liliingizwa kwenye mwongozo wa madaktari wa Marekani wa mwaka 2013 kwa jina lake hilohilo la Kishona. Unyogovu, linalojaa kwenye vipeperushi, sijawahi kumsikia mtu akilitamka mezani.

Yote hayo ni utangulizi wa neno gumu kuliko yote pale Mutaho.

Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani walitoa toleo la tatu la mwongozo wao, na uamuzi wao mkubwa ulikuwa kuacha kutaja sababu. Walikuwa wamebishana miaka mingi, kila shule na mshitakiwa wake, wakaona heri magonjwa yatambulike kwa dalili na muda. Lakini katika toleo hilohilo, baada ya askari waliorudi Vietnam na waliowatetea kushinikiza, waliingiza ugonjwa wa msongo unaofuata tukio la kutisha, ambao hauwezi kutambuliwa bila kutaja sababu. Lazima kwanza kiwe kimetokea kitu. Kisha zifuate ndoto, kushtuka, kukwepa mahali, kuona tukio likirudi mchana kweupe. Ni miongoni mwa majina machache sana katika kitabu kile yanayobeba tukio ndani yake.

Sasa lipeleke jina hilo Mutaho. Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na mauaji yakashuka vilimani Gitega. Watutsi walionusurika wakakusanyika kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani. Wahutu wakakimbia kisasi cha jeshi. Vita vikaendelea miaka zaidi ya kumi. Wazee wao walikuwa tayari na 1972, mwaka ambao Warundi huuita Ikiza, balaa, walipouawa Wahutu wasomi na wengi wengine. Katika mazingira hayo, kuandika kwamba mtu anaumwa kwa sababu ya tukio si utabibu peke yake. Ni ushahidi. Msikilizaji atauliza tukio lipi, la mwaka gani, nani alifanya. Na aliyefanya huenda anaishi mtaa wa pili, au yeye mwenyewe haoti vizuri.

Watu wa kanisa la Marafiki, yaani Quaker, waliendesha hapo Mutaho semina za siku tatu ambazo kwa kawaida huketisha watu 20, nusu Wahutu na nusu Watutsi, wa kambini na wa vilimani. Siku ya mwisho huchorwa miti miwili kwenye karatasi kubwa: mti wa kutoaminiana na mti wa kuaminiana. Washiriki wenyewe hutaja mizizi na matunda, na mwezeshaji huandika. Hofu. Uvumi. Kisasi. Ubaguzi. Halafu hutoka nje wawili wawili, mmoja amefungwa kitambaa machoni, mwenzake akimwongoza kwa mkono kwenye njia ya mawe. Naupenda mchoro ule kwa sababu ya sarufi yake: hofu inaweza kuandikwa kwenye mizizi na pia kwenye matunda, na hakuna anayelazimishwa kuchagua kama ni sababu au ni dalili.

Kwa ugonjwa huo wa tukio, Kiswahili tumekwenda na kiwewe. Sikubaliani nalo. Kutiwa kiwewe ni kubabaika kwa ghafla, kama kuku aliyeona kipanga. Kiwewe hupita kabla ya chakula cha jioni. Hakifai kwa mtu ambaye miaka mingi baadaye bado anakata njia ndefu ili asipite mbele ya shule fulani. Jeraha la moyo ni bora, na Warundi husema ibikomere, vidonda, kwa maana hiyohiyo. Ila jeraha linaacha nje kitu ambacho kila aliyemwona mgonjwa anakijua: pumzi.

Kirundi na Kinyarwanda vina ihahamuka. Mzizi wake uko kwenye mapafu; ni hali ya mapafu kukutoka mahali pake, kuhema bila kupata hewa, hofu ikipanda kifuani. Mtafiti Paul Bolton alipowauliza Wanyarwanda mwaka 1999 mauaji ya kimbari yaliwaachia nini, walimpa kuhahamuka na huzuni iliyozidi, mambo mawili mbali mbali, bila kungoja kufundishwa. Neno halimtaji aliyefanya. Linataja lililofanyika mwilini, na linaacha mlango wa historia wazi kwa anayetaka kuingia.

Pendekezo langu kwa wanaotunga istilahi ni kulichukua lilivyo. Kuhahamuka kinyambuliko chake ni cha kwetu kabisa, ndugu ya kuzinduka na kuchangamka. Halihitaji kuongezewa irabu wala kunyolewa konsonanti. Zaidi ya hapo, Kiswahili tayari kina kuhaha, kuhangaika huku na huko bila kutulia, na magazeti ya michezo yanalitumia kila wiki kwa timu inayosaka bao la kusawazisha. Mswahili wa Kigoma akiambiwa mara ya kwanza kwamba dada fulani amehahamuka, hatahitaji kamusi. Ataitika, "Maskini, tangu lini?", na hilo ndilo swali ambalo muuguzi wa Mutaho angependa aulizwe mgonjwa.